Pasaka Nane za Nei Rakentai

Alizaliwa katika kijiji cha Nukantewai, kisiwani Nonouti, upande unaotazama bahari ya ndani, mwaka 1912, mwezi ambao hakuna aliyeuandika kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa na mwenye kuandika. Baba yake aliitwa Tenanoa, mama yake Nei Batiua, na yeye mwenyewe wakamwita Rakentai. Jina la Anna alilipata akiwa na miaka arobaini na tisa, na ndilo lililochongwa kwenye msalaba wake, ingawa kijiji kizima mpaka leo tunamwita Nei Rakentai, kama kusema Bi Rakentai. Kanisa Takatifu halijatamka neno lolote juu yake, wala mimi sithubutu kulitangulia. Naandika niliyoyaona, kwa kuwa padre ameniagiza, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha dini.

Na niseme mapema, msomaji asije akanishangaa mbele ya safari: nilimwonea wivu mwanamke huyu. Nilimwonea wivu alipokuwa mpagani, nikamwonea wivu alipobatizwa, na sasa amelala kaburini mwaka wa kumi na mbili, bado nikipita pale nikakuta maua ya watu, moyo unanichoma. Mimi ni Anterea, katekista wa Nukantewai tangu mwaka 1949, mjukuu wa mtu aliyebatizwa katika kundi la kwanza la kijiji chetu. Kaburi la babu yangu halina hata ua moja.

Tenanoa, baba yake, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkaidi tu. Zamani zile Wakatoliki na Waprotestanti wa kijiji chetu walikuwa hawapeani hata moto wa kupikia, naye akakataa pande zote mbili. Alikuwa akisema, "Wakishamaliza kugombania nani anapendwa zaidi na Mungu, waje waniite." Hawakumaliza, naye hakuitwa. Hivyo binti yake alikua bila sala za asubuhi wala za jioni, akiwasikia wenzake wakiimba kanisani huku yeye yuko shimoni na baba yake, miguu ndani ya tope, akilisha mimea ya babai. Tenanoa hakujaliwa mtoto wa kiume. Alipoona hatajaliwa, alimwita Rakentai, akiwa na miaka kumi na mitano, akamfundisha siri yote ya shimo la ukoo wao, na akamwapisha asiifungulie kinywa mbele ya mtu yeyote maisha yake yote.

Kiapo hicho ndicho kilichozaa mambo yote nitakayoyaeleza, kwa hiyo kieleweke. Babai ni gimbi letu kubwa linalooteshwa katika shimo lililochimbwa mpaka kwenye maji matamu, na hulelewa miaka kumi, hata ishirini, kama mtoto. Chakula cha kila siku ni samaki na shelisheli. Babai ni heshima. Kila ukoo una namna yake ya kulilisha, majani gani, yaanikwe wapi, yatiwe lini, na namna hiyo haiulizwi. Mtu wa Nukantewai atakuazima mtumbwi, atakupa hata mwanawe umlelee, lakini akikukuta umechungulia shimo lake, hamtasalimiana mpaka wajukuu. Na kila sikukuu, iwe Krismasi, Pasaka au siku ya somo wa parokia, babai huletwa ndani ya maneaba, jumba la mkutano wa kijiji, likalazwa juu ya mkeka mbele ya wazee, na wazee hutaja kwa sauti la nani ni kubwa kupita yote.

La Tenanoa lilikuwa kubwa kupita yote. Alipokufa mwaka 1938, la binti yake likawa kubwa kupita yote. Sikukuu ni zetu, padre ni wetu, Mtoto Yesu ni wetu, na babai la kwanza linatoka kwa mwanamke asiyejua hata kupiga ishara ya msalaba. Mzee Kaitira, mwenye ulimi mkali kuliko wote, alikuwa hakosi kuniambia, "Mwalimu, babai lako linasali sana. La Rakentai linakua." Maneaba nzima ilicheka. Nami nilicheka, maana ukinuna mbele ya wazee umekwisha.

Aliolewa na Tebuka, mgema hodari wa tembo la mnazi, wakapata mtoto mmoja aliyefariki kabla ya kutembea. Mwaka 1946 Tebuka aliteleza juu ya mnazi asubuhi akiwa bado anaimba, akaanguka, akafa siku ya tatu. Rakentai alibaki peke yake na shimo lake. Hakuolewa tena, wala hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Wengi walimwona ana majivuno, nami nilikuwa wa kwanza kulisema hilo.

Wito wake ulikuja mwaka 1953, na ulikuja kwa njia ya miguu ya kikongwe. Jirani yake, Nei Terete, alikuwa anakaribia kufa, na padre alivuka kwa mtumbwi kuja kumpaka mafuta matakatifu. Mimi nilishika mshumaa. Rakentai alikuwa amekaa pembeni akimpepea mgonjwa. Siku hizo padre alipaka mafuta macho, masikio, pua, midomo na mikono, na mwisho kabisa akapaka miguu. Nyayo za Nei Terete zilikuwa zimepasuka kwa mawe ya matumbawe na tope la shimo, nyeusi kama magome, na yule padre mzungu aliinama akazipaka mafuta taratibu akimwombea. Nilimwona Rakentai ameacha kupepea. Asubuhi yake alikuja nyumbani kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasimama nje ya uwanja.

"Mwalimu," akasema, "nani aliwaambia ninyi kwamba miguu yetu inastahili mafuta?"

Nikamjibu kwamba ni Kanisa, nalo lilipokea kwa Mitume. "Basi nifundishe," akasema. "Nataka na yangu ipakwe."

Nilimwandika katika kundi la wakatekumeni, tukaanza Jumatano iliyofuata. Wakatekumeni wangu walikuwa saba, waliobaki wote wakiwa vijana waliotaka kuoa au kuolewa Kikatoliki. Walikaa kwenye mikeka upenuni pangu, nikiwasomea swali na jibu, nao wakirudia mpaka liingie. Niliwaambia, kama nilivyoambiwa na mwalimu wangu, "Karirini mkiwa kazini, mikono ikishughulika kichwa nacho kishughulike." Vijana walikuwa wakisahau kati ya Jumatano na Jumatano. Rakentai hakusahau hata nukta. Kufika Krismasi alikuwa ameimaliza katekisimu nzima, na nilipokosea jibu moja kuhusu sakramenti ya kitubio, aliinua macho akanitazama, nami nikajua amejua. Na alikuwa anauliza. Tulipofika kwa Kaini na Abeli aliuliza, "Mazao ya Kaini yalikuwa mabaya, Mwalimu, au ni nini? Mtu kalima, kaleta alicholima." Niliruka swali lile, nikawaambia muda umekwisha. Jua lilikuwa bado juu.

Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, katekista humpa padre orodha ya majina ya watakaobatizwa Pasaka. Padre alikuwa na vijiji kumi na kimoja, hakuweza kumjua kila mtu, na jina lisilokuwamo katika orodha halikubatizwa. Uwezo huo nilikuwa nao mimi peke yangu. Wiki moja kabla ya siku hiyo, mwaka 1954, nilimbakiza Rakentai wenzake walipoondoka.

Nilimwambia, "Limebaki jambo moja. Shimo lako."

"Shimo langu limefanya nini?"

"Babai la namna ile halioti kwa majani peke yake. Watu wanakuona huko shimoni midomo inacheza. Kama una maneno ya uganga uliyoachiwa na baba yako, lazima uyakane. Na ili nijue umeyakana, lazima unionyeshe yote unayoyafanya, mwanzo mpaka mwisho."

Ni kweli kwamba wazee wa kale walikuwa na maneno ya kuombea mashimo, na ni kweli kwamba anayebatizwa hukana hayo. Kila nilichosema kilikuwa na mguu mmoja katika dini. Mguu wa pili ulikuwa katika shimo lake. Nilitaka siri, ndugu zangu. Nilikuwa nimeitaka tangu ujana wangu, na sasa Mungu alikuwa amenipa, nilivyojidanganya, fimbo ya kuichokolea.

Alikunja mkeka wake. Kisha akasema, "Uganga sina. Namna ya kulisha nilimwapia baba. Niulize lingine lolote."

"Basi jina lako litangoja."

"Haya," akasema, "nitangoja nalo." Akaokota mkeka wake akaenda.

Alingoja mpaka Pasaka ya nane. Siku hizo mkatekumeni alitoka kanisani baada ya mahubiri, na sehemu takatifu ya misa haikumhusu. Kila Jumapili ya misa, kwa miaka minane, Nei Rakentai aliinuka, akatoka, akaketi nje karibu na tangi la maji, mgongo ukiegemea ukuta wa kanisa, mvua iwe au jua liwe. Kengele ya mageuzo ilipolia, wenzake ndani wakiinamisha vichwa, naye aliinamisha chake huko nje. Makundi yalikuja nyuma yake yakamtangulia, vijana aliowasaidia kukariri wakabatizwa, wakaoa, wakaleta watoto wao kubatizwa, yeye yuko pale pale tangini. Na kila Pasaka babai la karamu ya wabatizwa wapya lilitoka katika shimo lake. Wanawake walimtania, "Nei Rakentai, sasa umekuwa nguzo ya mlango." Aliwajibu, "Nguzo ya mlango nayo upande mmoja uko ndani." Wakacheka, na kuanzia hapo wengine wakaanza kukaa naye nje kidogo kabla ya misa, wakamweleza shida zao, wakamwomba awaombee. Hilo liliniuma sana. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa kanisa, na watu walikuwa wanapeleka nia zao tangini.

Mke wangu, Nei Katarina, Mungu amrehemu, aliniambia usoni mwaka wa tatu, akinipakulia samaki. "Mume wangu, unamfungia mtu mbingu kwa ajili ya kiazi."

"Hujui mambo ya dini," nikamwambia.

"Mambo ya dini sijui. Mambo yako nayajua." Kila Kwaresima nilipoandika orodha alikuwa akisimama nyuma yangu, anatazama, halafu anaondoka. Kinyozi hajinyoi. Niliwafundisha watu dhambi saba za mizizi kila mwaka, na wivu nilikuwa nikiufikia katikati ya somo, nikautaja, nikapita.

Mwaka 1961, kabla ya Kwaresima, Nei Rakentai aliugua kifua siku nyingi, akapona amekonda. Siku ya kwanza alipoweza kutembea alikuja uwanjani kwangu, akasimama pale pale aliposimama mara ya kwanza.

"Njoo kesho shimoni," akasema. "Baba yangu nitamwomba radhi mwenyewe tukionana."

Sikulala vizuri, na si kwa sababu ya furaha ya kichungaji. Asubuhi nilishuka naye. Alinionyesha kikapu cha majani ya mkadi kisicho na kitako kinachozungushwa kwenye kila mche, jinsi majani ya mshelisheli yanavyoanikwa kivulini siku sita na kufikichwa, jinsi udongo mweusi unavyotandikwa juu yake, ukipungua kimo cha kidole unaongezwa. Hayo nusu yake hata sisi tuliyafanya. Kisha alichimba kwa mkono pembeni ya mche, akatoa msumari wa meli, mnene, umeliwa na kutu. Baba yake aliikusanya misumari hiyo kwenye meli iliyovunjika mwambani kabla yeye hajazaliwa. Aliona mche uliosimama karibu na chuma kile una majani ya kijani wakati mingine inageuka njano, akaelewa. Chini ya kila kikapu palikuwa na msumari mmoja, na iliyobaki ilikuwa katika mfuko mdogo wa nyuzi za nazi, haizidi thelathini. Hiyo ndiyo siri ya Tenanoa. Kutu.

"Na maneno?" nikauliza.

"Maneno gani?"

"Yale unayonong'ona huku chini. Watu wote tunakuona."

Alinitazama kama mtu asiyeelewa anaulizwa nini. Kisha akapangusa tope mikononi, akasimama wima ndani ya shimo, akaanza: Mungu alituumba kwa nini, Mungu alituumba ili tumjue, tumpende, tumtumikie, na swali la pili, na la tatu, neno kwa neno, kwa sauti yangu mimi, na mahali ninapovuta pumzi akavuta pumzi. "Ulisema tukariri tukiwa kazini," akasema.

Mtu mwema angepiga magoti pale. Mimi niliona aibu, kweli niliona, lakini macho yangu yalikuwa kwenye misumari. Alinipa sita bila kuombwa.

Jina lake liliingia katika orodha, la mwisho. Siku moja kabla ya Pasaka padre alimhoji kila mmoja katika sakristia, mimi nikiwa nimesimama nyuma nakunja mavazi. Padre Klaudio alikuwa mgeni, hajamaliza mwaka kisiwani, na alikuwa amepekua daftari. Akamuuliza, "Mama, umesoma miaka minane. Wengine wanasoma mmoja. Kulikuwa na kizuizi gani?" Mikono yangu ilisimama juu ya kanzu. Neno moja tu kutoka kwake, nami nisingekuwa katekista tena, na ningestahili. Akajibu, "Sikuwa tayari, Padre." Basi. Akabatizwa Jumapili ya Pasaka asubuhi, tarehe 2 Aprili 1961, kwa jina la Anna, na alipopokea Komunyo kwa mara ya kwanza alifumba macho, akachelewa kuinuka mpaka padre akangoja. Miaka yote niliyopokea Komunyo tangu nikiwa na miaka saba, hakuna padre aliyewahi kuningoja. Nilimtazama kutoka kwenye kiti changu cha mbele nikawaza: huyu amekuja jioni, na kazi ya mchana kutwa ni yangu. Nilikuwa nimeifundisha Injili ile ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu mara nyingi mno. Haikunisaidia.

Kuhusu miaka iliyofuata, watu watakwambia mengi ya huruma yake: jinsi alivyowauguza wenye ukoma waliokuwa wanatengwa, jinsi alivyosali rozari akitembea kutoka shimoni, jinsi mtoto wa Uriam aliyekuwa na homa ya kukakamaa alivyotulia alipowekwa mapajani mwake akalala mpaka asubuhi mzima. Siyakatai. Siku ya mtoto wa Uriam sikuwapo, nilikuwa nyumbani nimenuna kwa sababu aliitwa yeye na si mimi. Lakini mama wa mtoto yupo hai, mwulizeni.

Mimi nitaeleza yangu. Krismasi ya mwaka 1969 babai langu lililazwa juu ya mkeka katika maneaba, na mzee Kaitira, sasa macho yake yamefifia, alilipapasa kwa mikono, akatangaza kwamba ni kubwa kupita yote, kupita la Nei Rakentai. Niliona raha ambayo sijawahi kuiona, sitasema uongo. Wazee wakauliza nimefanyaje. Nikasimama nikasema, "Ni neema ya Mungu. Nimesali." Nei Rakentai alikuwa amekaa kwenye safu ya ukoo wake. Watu walipotawanyika alinipitia akasema, "Limekua, Mwalimu. Limekua vizuri sana." Nilitafuta kejeli katika sauti yake nikaikosa, nikaenda nyumbani nimekasirika.

Mwaka 1974 mvua ilikatika miezi kumi na minne. Minazi iliacha kuzaa, mishelisheli ikapukutika, na mashimoni maji yakashuka, babai likageuka njano, likaanza kuoza. Babai likioza kijiji hakina pa kukimbilia. Shimo langu lilikuwa bado na kijani, na la Nei Rakentai lilikuwa na kijani, na watu wakaanza kunitazama wakisema kweli sala za Mwalimu zina nguvu. Nami nilikaa kimya. Niwe muwazi hapa: watoto wa jirani walikuwa wanakonda, nami nilikuwa naijua dawa ya mashimo yao, nikakaa kimya wiki sita.

Wiki ya saba wazee waliita mkutano katika maneaba. Mwanamke kwetu hasemi pale ila kwa ruhusa, naye aliomba ruhusa kutoka nyuma ya nguzo ya ukoo wake, akapewa, kwa mshangao zaidi kuliko kwa heshima. Akasema, "Baba yangu aliniapisha nisiseme. Nasema, na dhambi ya kiapo ni yangu." Akawaeleza yote, majani, siku sita, kikapu, msumari. Katika Nukantewai hakuna mtu aliyewahi kusikia shimo la mwenzake likifunguliwa hadharani. Wapo wanawake waliofunika nyuso kwa aibu, kama wameona mtu uchi.

Mzee Kaitira akageuza uso kuelekea nilipokaa. Kipofu yule alijua daima nimekaa wapi. "Rakentai," akasema, "mwingine aliyejua alikuwa nani?"

Niliona mlango wa maneaba uko mbali sana.

"Mungu alijua," akasema Nei Rakentai, akaketi.

Nilimchukia siku ile kuliko siku zote. Angenishtaki ningejitetea, tungegombana, tungekuwa sawa. Kunisitiri mara mbili kulinifanya mdogo mara mbili. Jioni aligawa misumari, mlangoni kwake, kila familia msumari mmoja. Sasa hapa nashuhudia kwa nafsi yangu, na Baba Askofu akitaka nitaapa. Mfuko ule niliuona mwaka 1961. Haukuzidi misumari thelathini, na sita nilichukua mimi. Familia za Nukantewai zilikuwa sitini na tatu. Nilisimama mbali nikihesabu, nikisubiri kwa hamu imwishie, aone haya mbele za watu. Haikumwishia. Familia ya sitini na tatu ilipata msumari, mnene kama wa kwanza. Miaka yote hii nimetafuta maelezo: pengine alikuwa na mfuko mwingine, pengine aling'oa ya shimoni mwake. Nilikwenda kuchungulia shimo lake kesho yake, ndiyo, nilichungulia. Ya shimoni ilikuwapo yote. Mashimo ya kijiji yalirudi kijani kabla ya mvua, na mwaka ule hatukuzika hata mtu mmoja kwa njaa.

Aliugua mara ya mwisho mwaka 1984, kifua kile kile. Tarehe 12 Juni asubuhi padre kijana alikuja kumpaka mafuta, mimi nikashika mshumaa kama zamani. Padre alipaka paji la uso, akapaka viganja, akafunga kichupa. Nei Rakentai akafumbua macho. "Na miguu?" akauliza.

Padre akamweleza kwa upole kwamba siku hizi Kanisa limefupisha, miguu haipakwi tena, sakramenti ni ile ile kamili. Nei Rakentai akaitikia kwa kichwa, lakini nilimwona ameumia. Miaka thelathini na mmoja tangu auone wito wake katika miguu ya Nei Terete, na aliyemchelewesha saba kati ya hiyo ni mimi. Laiti ningeliandika jina lake mapema, alipougua kifua mwaka 1961 angepakwa na miguu. Padre alipotoka kwenda kwa mgonjwa mwingine, Nei Rakentai aligeuza shingo kunielekea.

"Mwalimu, mafuta ya nazi hata wewe unaweza."

Nikachukua chupa ya mafuta ya nazi dirishani, nikapiga magoti kwenye mwisho wa mkeka, nikaanza kumpaka. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka vile vile, tope la shimo limeingia ndani ya mipasuko, halitoki. Nilipofika kwenye kisigino sikuweza kuendelea. Nikasema bila kumtazama, "Nei Anna, nilijua huna uganga. Tangu mwanzo nilijua."

"Nilijua kwamba unajua," akasema.

"Mbona hukusema kwa padre? Mwaka wa kwanza tu ungesema, ungebatizwa."

Alivuta pumzi mara mbili tatu kabla ya kujibu. "Wangekuondoa. Nani angenifundisha?" Kisha akasema, "Na huo mwingine, Mwalimu," maana nilikuwa nimepaka mguu mmoja.

Nilimpaka wa pili. Akafariki mchana wa siku ile, rozari ikiwa kiganjani, na alizikwa karibu na tangi la maji kama alivyoomba. Watu wa vijiji vinne walikuja. Mashimo ya Nukantewai sasa hayafichwi, na wageni kutoka visiwa vingine huja kujifunza, wakaonyeshwa bila kinyongo. Kila Jumapili wakatekumeni wakitoka baada ya mahubiri, huketi kando ya kaburi lake kungoja, na wengine husema wakiwa pale hukariri wasichoweza kukariri popote. Sijui. Sijawahi kuwa mkatekumeni, nilizaliwa ndani, na hilo nalo namwonea wivu.

Niliungama hayo yote kwa padre, na kitubio alichonipa ni kuyaandika kwa mkono wangu na kuyasoma kanisani siku ya kumbukumbu yake. Enyi waamini, anayetaka kumwiga Nei Anna Rakentai na aanze kwa kungoja pasipo kinyongo, na akiwa na kitu ambacho jirani anakihitaji, akitoe kabla hajaombwa. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza naanza. Jumatano iliyopita alikuja uwanjani kwangu Nei Maere, mke wa fundi mitumbwi, mtoto wa Waprotestanti asiyebatizwa, aliyeolewa hapa kutoka visiwa vya kusini, akasema anataka kufundishwa. Nei Maere amelima kwa misumari ya Rakentai miaka kumi, na Krismasi iliyopita babai lake liliwekwa juu ya mkeka likapita la kila mtu, langu likiwamo, tena kwa mbali. Kwaresima ilikuwa bado miezi minne. Niliingia ndani, nikatoa karatasi ya orodha, nikaja nayo nje ili aione. Mkono ulikuwa mzito. Nikaandika jina lake mstari wa kwanza, ndipo nikamtandikia mkeka.